Linux na programu iliyojificha ndani ya kompyuta

Kwa miaka mingi, watumiaji wa Linux walisumbuliwa na jambo moja: mtengenezaji wa kompyuta alipotoa toleo jipya la programu dhibiti, mara nyingi toleo hilo liliweza kuwekwa kwa kutumia Windows pekee. Tangu mwaka 2015, mradi uitwao fwupd umekuwa ukiupunguza usumbufu huo.

Programu dhibiti ni nini?

Ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya kifaa chenyewe. Ndiyo inayoiamsha kompyuta kabla Linux au Windows haijaanza kazi. Diski, kamera na hata vipanya vina programu zao za namna hiyo.

Kwa kuwa hutangulia kila kitu, kasoro yake ni ya hatari. Mdukuzi akijipenyeza humo, kufuta diski na kuweka mfumo mpya hakumwondoi. Mwezi Desemba 2023, watafiti walieleza udhaifu uliopewa jina la LogoFAIL, uliokuwa katika sehemu inayosoma picha ya nembo mashine inapowashwa. Tiba yake ilibidi itoke kwa watengenezaji, katika matoleo mapya ya programu dhibiti.

Mradi ulivyoanza

Mwasisi wa fwupd ni Richard Hughes, mhandisi wa kampuni ya Red Hat. Sambamba nayo alianzisha LVFS, ghala la mtandaoni ambamo watengenezaji huweka matoleo yao wenyewe. Dell ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kushiriki, na Lenovo ikajiunga mwaka 2018. Mwaka 2019, ghala hilo lilikuja chini ya taasisi ya Linux Foundation.

Toleo humfikiaje mtumiaji?

Mtengenezaji hutuma faili moja lenye programu dhibiti pamoja na maelezo: ni ya kifaa gani, ni toleo la ngapi na linarekebisha nini. LVFS huweka sahihi ya kidijitali. Katika kompyuta ya mtumiaji, fwupd huhakiki sahihi hiyo na kulinganisha utambulisho wa kifaa. Ikiwa ni programu inayoiamsha kompyuta, kazi yenyewe hufanyika mashine inapowashwa upya.

Kazi ya wafungashaji

Fedora, Debian na Ubuntu kila moja huifungasha fwupd kwa ajili ya watumiaji wake. Ujuzi wa kuzungumza na aina mbalimbali za vifaa umegawanywa katika programu jalizi, na mfungashaji huamua zipi ziwemo. Sehemu inayofanya kazi kabla ya Linux kuamka, ambayo tangu 2021 imetengwa kwa jina la fwupd-efi, huhitaji sahihi inayoaminiwa. Bila hiyo, kinga ya Secure Boot itaikataa.

Programu dhibiti zenyewe hazimo katika kifurushi hicho. Hizo ni mali ya watengenezaji, na nyingi msimbo wake haujawekwa wazi.

Mambo ya kuzingatia

Afrika Mashariki hupokea kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika ng'ambo, na huenda programu dhibiti zake hazijaguswa tangu zilipotoka kiwandani. Amri ya fwupdmgr refresh huleta orodha mpya, fwupdmgr get-updates huonyesha yaliyopo, na fwupdmgr update huyaweka. Wasiopenda kuandika amri huweza kutumia GNOME Software.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kifaa kinaweza kuharibika kabisa. Ndiyo maana fwupd huweza kukataa kuanza iwapo kompyuta ya mkononi haijaunganishwa na umeme au betri yake iko chini. Mwenye kompyuta ya mezani hana betri ya kumwokoa, hivyo ni vyema achague saa ambayo umeme ni wa kutegemewa.

Hata hivyo, fwupd haiwezi kutoa kile ambacho mtengenezaji hakukitoa. Anayekusudia kununua mashine kwa ajili ya Linux atafanya busara kutazama kwanza orodha ya vifaa vya LVFS, kabla fedha hazijamtoka mkononi.