Kabla ya mfadhili kulikuwa na Paashe

Ukikaa Arusha muda mrefu unalizoea neno "mfadhili" kama unavyoizoea baridi ya Julai. Magari meupe yenye nembo milangoni yamejaa Njiro na Sekei, na nusu ya watu niliosoma nao wamewahi kuandika andiko la mradi au kukaa semina kwa ajili ya posho. Picha tuliyonayo vichwani ni ile ile: mfadhili yuko Ulaya au Marekani, na mama wa Kimasai ni "mlengwa". (Neno lenyewe linanichekesha. Mlengwa, kama swala mbele ya mshale!) Leo wadau naomba tuipindue hiyo picha, maana kihistoria haijakaa sawa.

Tuanze na majina. Kwa Wamasai, mtu akikupa ndama jike hamwitani tena kwa majina yenu ya kawaida, mnaitana Paashe. Akikupa kondoo ni Paker, mbuzi ni Pakine. Bibi harusi anapoingia boma la mumewe anapewa mifugo na watu wa pale, na kuanzia siku hiyo aliyempa na aliyepewa wanaitana kwa jina la zawadi. Halafu kuna osotua, neno lenye maana ya kitovu. Mwenye osotua nawe akikwama anakuomba, unatoa kadiri ya uwezo wako, wala hakuna anayeandika daftarini. Deni ni kitu kingine na lina jina lake, esile. Na ipo ewoloto, yaani ukoo kuchanga ng'ombe ili kumwinua aliyefilisiwa na ukame au ugonjwa wa mifugo.

Hapo kwenye ewoloto ndipo utamu unapopungua. Ng'ombe wale hupewa mwenye boma, na mwenye boma ni mwanaume. Mjane asiye na mtoto wa kiume mkubwa atasimama wapi?

Kabla hatujasema "mila ni mila", kuna historia ya kusoma. Dorothy Hodgson, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu Wamasai wa Tanzania, na hoja yake moja mimi naiona nzito. Anasema zamani haki juu ya mifugo ziligawanyika: mwanamke alikuwa na ng'ombe wake wa kukamua, maziwa na ngozi vilikuwa mikononi mwake, na ni yeye aliyefanya biashara na majirani wakulima. Akaja Mwingereza na kodi ya kichwa, soko la mnada na orodha ya walipa kodi. Kwenye orodha akamwandika mwanaume. Ng'ombe akageuka fedha, na fedha ikawa na mwenyewe mmoja. Kwa hiyo baadhi ya yale tunayoyaita mila ya kale yana mhuri wa ofisi ya mkuu wa wilaya.

Ruka miaka. Agosti 1989 Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alisimama Geneva mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa na kuwaweka Wamasai na Wahadzabe kwenye mjadala wa dunia wa watu wa asili. (Serikali yetu haijawahi kulipenda neno hilo, inasema sote ni watu wa asili hapa. Mjadala huo tuuache kwa leo.) Baada ya hapo mashirika ya wafugaji yakaota Arusha kama uyoga, na fedha zikafuata. Ila mezani walikaa wanaume watupu, au karibu watupu. Ewoloto ile ile, safari hii ina akaunti benki!

Ndipo akina mama wakaamua kuanzisha meza yao. Mwaka 1997 likaundwa Baraza la Wanawake wa Kifugaji, PWC, kule Loliondo, na Maanda Ngoitiko akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 2000 hapa hapa mjini likaja MWEDO la Ndinini Kimesera Sikar. Angalia walichofanya na fedha ya mfadhili: waliigeuza ng'ombe, ada za wasichana na mitaji ya vikundi vya kukopeshana. PWC wakawa na boma za mshikamano, ambamo wanawake wasio na kitu wanapata mifugo na mahali pa kuanzia. Kwangu mimi hiyo ni ewoloto iliyorekebishwa. Anayepewa ni mama, na anayeamua nani apewe naye ni mama.

Nje ya nchi wenzao walifikia wazo la jirani. Jukwaa la kimataifa la wanawake wa asili, FIMI, lina mfuko wa ruzuku unaoitwa AYNI. Ni neno la Kiquechua kutoka milima ya Andes, lenye maana ya kusaidiana kwa zamu. Lakini mfuko ni mdogo mbele ya njaa yenyewe. Ripoti ya FIMI na wenzao ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika fedha zote zilizorekodiwa za kutetea haki za binadamu kati ya 2010 na 2013, wanawake wa asili walipata asilimia 0.7. Hata asilimia moja haijafika, jamani!

Na tusidanganyane, ruzuku peke yake haimlishi ng'ombe. Boma zilipochomwa Loliondo mwaka 2009, mwaka uliofuata akina mama kwa mamia walikwenda kurudisha kadi za CCM. Juni 2022 serikali ikaweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 huko huko, kukawa na risasi na kilio, na eneo likawa pori la akiba la Pololeti. Ng'ombe aliyenunuliwa na kikundi cha wanawake haruhusiwi kuvuka vile vigingi, sawa na ng'ombe wa mwanaume. Ndiyo maana siku hizi akina mama hao wanahangaikia pia hati za kimila za ardhi chini ya sheria ya vijiji ya 1999, kazi ambayo haipendezi kwenye picha za ripoti ya robo mwaka kama anavyopendeza ndama.