Divai Nyeupe na Samaki wa Musoma

Wakazi wa bonde la mto Loire, katika Ufaransa, wana ada kongwe ya kunywa divai nyeupe ya zabibu za Chenin Blanc pamoja na samaki wa maji baridi wavuliwao mtoni mwao na kupikiwa mchuzi wa siagi. Ukali wa divai hiyo hukata shombo na kupunguza uzito wa mafuta, kazi ambayo kwetu aghalabu hufanywa na ndimu. Wavuvi wa Musoma nao ni watu wa maji baridi, na divai ilifika kwao zamani; walakini tarehe ya nchi ya Mara yaonyesha kwamba viwili hivyo vilikaa jirani kwa miaka mingi visikutane mezani.

Divai hiyo ililetwa na dini. Shirika la Mapadre Weupe, lililoasisiwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, lilipeleka msafara wake wa kwanza bara kutoka Bagamoyo mwaka 1878. Na kwa kuwa sheria ya Kanisa haikubali katika misa kinywaji chochote ila divai halisi ya zabibu, popote alipokwenda padre ilimlazimu kuipata, hata ikiwa ni kwa vichwa vya wapagazi. Misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, ilipofunguliwa mwaka 1911, reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu 1901, na meli za ziwani zikaipunguza taabu hiyo.

Hata hivyo, divai ya Nyegina haikuwa kinywaji cha watu. Tarehe 23 Desemba 1943 Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, alibatizwa hapo kwa jina la Julius. Lakini katika zama hizo muumini yeyote alipokea mkate pekee, kikombe kikabaki kwa padre, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulipolegeza hukumu hiyo. Nyumbani watu walikuwa na pombe yao ya mtama na ulezi, ambayo wazee wa Kikurya waliinyonya kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kila mmoja akikaa kwa heshima ya rika lake.

Ama maakuli, yalikuwa tele: sato, ningu na furu kwa ugali wa mtama na muhogo, na dagaa walioanikwa katika fukwe za Guta, upande wa Bunda. Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka mno hata akawamaliza furu wengi. Na viwanda vya Musoma vikaanza kumchuna minofu, kuigandisha na kuisafirisha Ulaya. Hivyo samaki wa Mara aliandamana na divai nyeupe katika meza za ugenini, ilhali mvuvi wake akibaki na kichwa na mifupa, ambavyo Waswahili wa huko huviita mapanki.

Leo hapana sababu ya hali hiyo kuendelea. Mizabibu, iliyopandwa Dodoma na wamisionari katikati ya karne iliyopita, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na miongoni mwake imo Chenin Blanc ile ile ya Loire. Kwa mtu mzima ambaye dini yake na afya yake hazimkatazi, divai hiyo, ikinywewa ya baridi na kwa kiasi, yafaa sana kwa sato wa kuchoma asiyezidishiwa pilipili, na kwa dagaa wa kukaanga. Basi wenye mahoteli ya Musoma na Bunda, kabla ya kuagiza chupa kutoka ng'ambo, waiagize ya Dodoma, na mnofu ulio mzuri wauandae hapa hapa.