Jeremiah O'Brien: Meli ya Mizigo Iliyorudi Normandy

Mkuku wake ulilazwa Mei 1943 huko South Portland, jimbo la Maine, na tarehe 19 Juni mwaka huohuo meli ilikuwa imeshashushwa majini. Ilikuwa na urefu wa mita 134 na uwezo wa kubeba zaidi ya tani 9,000. Kasi hiyo ya ujenzi ilitokana na dhiki: tangu Vita vya Pili vya Dunia vianze, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha shehena na mabaharia katika Bahari ya Atlantiki, na Marekani iliamua kuunda meli nyingi kuliko zilizoweza kuzamishwa.

SS Jeremiah O'Brien ni moja ya meli 2,710 za aina ya Liberty zilizoundwa kati ya 1941 na 1945. Ilipewa jina la mtu aliyeongoza wenyeji wa mji wa Machias, Maine, kuiteka meli ya Waingereza, Margaretta, mwaka 1775.

Moyo wake ni injini ya mvuke yenye silinda tatu na nguvu farasi 2,500. Mvuke uleule husukuma pistoni ya kwanza, ukahamia ya pili, kisha ya tatu. Na kwa kuwa nguvu yake hupungua kila hatua, kila silinda ni pana kuliko iliyotangulia. Hata mwaka 1943 mtambo huo ulikuwa wa kizamani, na mwendo wa noti 11 haukumtisha adui yeyote. Ulichaguliwa makusudi. Viwanda vingi viliweza kuutengeneza, na fundi aliyefunzwa kwa muda mfupi aliweza kuuendesha. Mwili wa meli nao uliundwa vipande vipande, vikachomelewa pamoja badala ya kufungwa kwa ribiti.

Walioiendesha walikuwa mabaharia wa kiraia, huku askari wa Jeshi la Majini wakihudumia mizinga tezi na omo. Mabaharia hao wa meli za mizigo walikabili makombora yaleyale, lakini serikali yao ilianza kuwahesabu kuwa maveterani wa vita hivyo mwaka 1988 tu. Haki hiyo ilichelewa mno. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Baada ya kuvuka Atlantiki katika misafara, O'Brien ilipata kazi yake kubwa Juni 1944. Ilikwenda mara 11 kwenye fukwe za Normandy, Ufaransa, ambako majeshi ya Washirika yalivamia, zikiwemo Omaha na Utah, ikipeleka wanajeshi, magari na silaha. Baadaye ilihamia Pasifiki na Bahari ya Hindi, ikatia nanga Ufilipino, India, China na Australia.

Vita vikaisha. Mwaka 1946 iliegeshwa katika ghuba ya Suisun, California, pamoja na mamia ya meli nyingine zilizokosa kazi. Mitambo ilipakwa grisi nzito, milango ikafungwa. Moja baada ya nyingine, jirani zake ziliuzwa kuwa chuma chakavu. O'Brien ilinusurika kwa sababu haikuwa imebadilishwa umbo tangu vita, na kwa sababu Thomas Patterson, afisa wa serikali aliyesimamia meli hizo, aliendelea kulisogeza jina lake mwishoni mwa orodha ya zinazouzwa. Bila ukaidi wake kusingekuwa na historia ya kuandika. Mwaka 1979 wazee wa kujitolea walisafisha grisi, wakawasha boila zilizolala miaka 33, na meli ikaondoka Suisun kwa nguvu ya injini yake yenyewe.

Miaka 15 baadaye walithubutu jambo kubwa zaidi. Kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 50 ya uvamizi, mabaharia, wengi wao wenye umri wa miaka 70 hivi, waliipeleka kutoka San Francisco kupitia Mfereji wa Panama hadi Normandy. Katika msafara wa 1944 kulikuwa na vyombo zaidi ya 5,000. Meli kubwa iliyorudi kutoka miongoni mwavyo ilikuwa hii peke yake.

Watazamaji wengi wameiona injini yake bila kujua: picha zake zilitumika katika filamu ya Titanic ya 1997, zikakuzwa kwa kompyuta. Leo ni meli mbili tu za Liberty zinazoweza kusafiri, O'Brien na John W. Brown ya Baltimore. Nusura ibaki moja. Alfajiri ya 23 Mei 2020 moto uliteketeza ghala katika Gati 45 la San Francisco, kando kabisa ya O'Brien, na boti ya zimamoto iitwayo St. Francis ikajipenyeza na kuimwagia maji mpaka hatari ikapita.