Soya Iliyopitia kwa Nguruwe

Ndugu zangu katika imani, hapa Kipkelion tukinunua unga wa kutia mchuzi ladha tunasoma pakiti, hatuoni nguruwe, basi tunaona yameisha. Hebu tazameni yaliyotokea Indonesia.

Ajinomoto hutengenezwa na bakteria wanaolishwa molasi ya miwa; nyama haimo. Kampuni ilikuwa na cheti cha halali. Baadaye ikabadilisha chakula cha kukuzia bakteria, ikaleta cha soya. Soya ni halali, si ndio? Kumbe ile soya ilivunjwavunjwa kwa kimeng'enya cha nguruwe! Baraza la Maulamaa, MUI, likaitangaza haramu, na Januari 2001 maelfu ya tani yakaondolewa madukani. Rais Abdurrahman Wahid, naye mwanachuoni, akasema ni halali, maana ndani ya unga wenyewe hamna nguruwe. Baraza halikubadili neno. Wao waliuliza kitu kimepitia wapi, siyo kimebaki nini. Mimi naona walipatia, kwa sababu maabara hupima kilichomo kwenye pakiti tu. Kampuni ikabadilisha kile chakula cha bakteria, ikapewa cheti tena mwaka huohuo.

Kwa hiyo pakiti isiyo na nembo ya halali, iandikieni kampuni, muulize: kimeng'enya chenu mnakitoa wapi?