Kaya Fungo na Mpaka wa Maumbile na Jamii

Agosti 1914, serikali ya kikoloni ya Uingereza ililipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama yaliyozungukwa na msitu, katika pwani ya Kenya. Wagiriama walikuwa wamekataa kutoa vijana wa kwenda kufanya kazi za kikoloni, na mwaka uliotangulia Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani huo, alikuwa amekamatwa na kuhamishiwa mbali, Kisii, baada ya kuwakusanya na kuwalisha watu kiapo kayani humo. Mwaka 2008, UNESCO iliitia kaya hiyo hiyo, pamoja na nyingine za Mijikenda, jamii ambazo Wagiriama ni mojawapo, katika orodha ya urithi wa dunia. Maofisa wa 1914 waliona makao makuu ya uasi. Wataalamu waliokuja baadaye waliona masalia ya msitu wa pwani, yenye mimea adimu. Anthropolojia inayochunguza uhusiano wa maumbile na jamii haina budi kueleza jinsi eneo moja lilivyohama kutoka jedwali la siasa hadi jedwali la ikolojia.

Jibu linalotajwa zaidi siku hizi ni la Philippe Descola. Baada ya kuishi na Waachuar wa Amazoni, upande wa Ekuado, aliona wanawake wakiitunza mihogo kama watoto wao, na wawindaji wakiwahesabu wanyama kuwa mashemeji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2005 alidai kwamba kuyatenga maumbile na jamii ni desturi ya Ulaya ya karne chache tu, mojawapo ya njia nne za kuupanga ulimwengu. Hoja hiyo imetufaa sana, kwa kuwa imeivua sayansi ya Magharibi joho la uhakimu. Lakini ukiipeleka Kaya Fungo, inapwaya. Descola anauliza watu wanauonaje ulimwengu. Haulizi sana ni nani mwenye uwezo wa kulazimisha mwono wake uwe sheria.

Nafuu zaidi naiona kwa James Fairhead na Melissa Leach, waliofanya utafiti Kissidougou, nchini Guinea. Kwa miongo mingi, maofisa wa misitu waliamini kwamba visiwa vya msitu vilivyozunguka vijiji ni mabaki ya msitu mkubwa uliomalizwa na wakulima. Wazee wa vijiji walisema kinyume: miti ile waliikuza wao na babu zao, kwa kulisha ng'ombe ili nyasi zipungue na moto ukose cha kula, na kwa kurutubisha udongo wa kandokando ya nyumba. Watafiti walilinganisha picha za ndege za 1952 na za setilaiti za miaka ya karibu na 1990. Wazee walikuwa sahihi. Wakati huohuo, sera zilizojengwa juu ya dhana ile ya makosa zilikuwa zimeshawatoza faini watu walewale waliootesha msitu.

Kaya nazo zina sura ya mikono ya watu. Katikati pana uwanda walipoishi watu, hapo ndipo fingo, kago la kuilinda kaya, lilipozikwa. Kuuzunguka ni msitu mnene ulioachwa makusudi kuwa ngome, ukipitika kwa njia chache zenye malango. Watu walipohamia mashambani, uwanda ukabaki mtupu. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu Wagiriama, alionyesha kwamba utupu huo ndio uliozidi kuipa kaya uzito: wachache walikaa humo, na wengi waliitegemea kwa mbali. (Wanaopenda kuiita misitu hii “asilia” wangekisoma kwanza.)

Ndiyo maana sishawishiki na maelezo yanayokomea kwenye miiko. Ni kweli kwamba ukataji umekatazwa, hata kuni kavu hazitolewi ovyo. Lakini mwiko una mtu anayeushikilia. Tangu 1992, kaya zilipoanza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, mzee wa kaya amepata mwenzake wa serikali, na kijana anayetaka boriti za nyumba anakabiliana na wawili. Ardhi ya Pwani nayo inapanda bei, hasa kandokando ya hoteli za Diani. Hapo Kaya Kinondo, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na hulipa kiingilio. Nani amechagua kamati inayopokea fedha hiyo, na nani hakuitwa kwenye mkutano? Hayo nayo ni maswali ya ikolojia ya msitu ule, kama yalivyo ya udongo na mvua.