Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Mashine ya Kukamulia Ng'ombe

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa, kama walivyo wengi katika wilaya za Hai na Rungwe, hana sababu ya kukimbilia mashine ya kukamulia. Mikono safi, ndoo isiyo na mishono na kitambaa cha kukaushia kiwele vinamtosha. Suala la mashine huanza kuwa na uzito pale ng'ombe wanaokamuliwa wanapofika kumi hivi, au mkamuaji wa kuaminika anapokuwa adimu.

Kigezo cha kwanza ni ng'ombe mwenyewe. Maziwa hushuka kwa homoni ya oksitosini, ambayo hutolewa kiwele kinapooshwa na kupapaswa, na nguvu yake hudumu dakika 5 hadi 8 tu. Mfumo unaofaa ni ule unaomaliza kazi ndani ya muda huo. Friesian, Ayrshire na machotara wao kwa kawaida hushusha maziwa bila ndama. Zebu wa asili wengi hawashushi mpaka ndama awepo, hivyo mwenye kundi la namna hiyo anaweza kujikuta na mashine ghali inayokaa stoo.

Mashine ya ndoo inayobebeka ndiyo inayowafaa wafugaji wengi wa kati: pampu ya kunyonya hewa, ndoo yenye mfuniko na vikombe vinne vya chuchu. Mfumo wa bomba, unaopeleka maziwa moja kwa moja kwenye tangi la kupoozea, unahitaji banda la kudumu na kundi kubwa, vinginevyo gharama zake hazirudi.

Nguvu ya kunyonya huwekwa kati ya kilopaskali 40 na 50, na mapigo takriban 60 kwa dakika. Ikizidi, au vikombe vikiachwa baada ya maziwa kwisha, chuchu huumia na ugonjwa wa kiwele hufungua njia. Kabla ya kufunga vikombe, michirizi ya kwanza ikamuliwe kwenye chombo cheusi ili mabonge yaonekane. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho. Chuchu zichovywe kwenye dawa baada ya kazi.

Jambo linalosahaulika zaidi wakati wa kununua ni maji. Mashine huoshwa kila baada ya kukamua: kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kisha kwa maji ya moto na sabuni maalumu. Pasipo maji ya uhakika, ni salama zaidi kuendelea na mikono, kwani mabaki ndani ya mipira huchachusha maziwa, nayo hukataliwa kituoni yanapopimwa kwa alkoholi. Hasara hiyo ni ya siku nzima.

Mipira ya vikombe nayo huchakaa. Ile ya kawaida hubadilishwa baada ya kukamua ng'ombe mara 2,500 hivi. Kwa ng'ombe 10 wanaokamuliwa mara mbili kwa siku kwa seti moja, hizo ni siku 125. Mnunuzi aulize mapema vipuri vinapatikana wapi, na fundi yuko umbali gani. Aulize pia kama pampu inaweza kuendeshwa kwa injini ya petroli, maana umeme ukikatika alfajiri ng'ombe hawasubiri.

Ushauri wa kitaalamu hutolewa na Afisa Mifugo wa kata au wa halmashauri.