Mkono Uliofungwa: Usimulizi katika Michezo ya Video ya Uhusika ya Japani, 1986–1997

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alifika mbele ya jopo akiwa na pendekezo la tasnifu kuhusu usimulizi katika michezo ya video ya Kijapani. Swali la kwanza aliloulizwa ndilo lililokuwa la mwisho: je, mchezo ni matini? Alijibu kwa kusitasita, pendekezo likarudishwa, na hatimaye akaandika tasnifu nzuri juu ya riwaya ambayo tayari ilikuwa imeandikiwa tasnifu kadhaa. Mwandishi wa makala haya alikuwamo katika jopo hilo na hakutamka neno. Yanayofuata ni jibu ambalo lilipasa kutolewa siku ile.

Hatunuii kudai kwamba kila mchezo wa video ni kazi ya fasihi. Dai hilo ni pana mno na halina faida kwa mhakiki. Tutajifunga katika utanzu mmoja, yaani mchezo wa uhusika, ambao mchezaji huvaa nafasi ya mhusika, akasafiri naye, akapigana na kukua naye hadi tamati ya hadithi. Tutajifunga pia katika nchi moja na katika miaka kumi na moja, na tutazungumzia kazi chache tu, zile tunazozipenda na tungependa wasomaji wa jarida hili wazijue. Aghalabu wanaoitetea michezo hii huanza na uhuru wa mchezaji: kwamba yeye ni mtunzi mwenza, kwamba anachagua. Kwa maoni yetu utetezi huo umekosea njia. Katika mchezo wa uhusika wa Japani, fasihi hupatikana pale ambapo mchezaji ananyimwa uchaguzi ilhali kidole chake bado kimo juu ya kitufe.

Utanzu wenyewe haukuzaliwa Japani. Asili yake ni mchezo wa mezani wa Kimarekani, Dungeons & Dragons, uliochapishwa mwaka 1974, pamoja na michezo miwili ya kompyuta iliyotokana nao, Ultima na Wizardry, yote ya mwaka 1981. Hiyo ilikuwa michezo ya watu wenye kompyuta na subira: ramani zilichorwa kwa mkono na takwimu zilikuwa nyingi. Yuji Horii, aliyekuwa akiandika katika jarida la hadithi za katuni la Shonen Jump, aliipenda, akajiuliza namna ya kuifikisha kwa watoto waliokuwa na mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo, ambayo haikuwa na kibodi bali vitufe vichache tu. Jibu lake lilikuwa Dragon Quest, iliyotolewa na kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986, michoro ikiwa ya Akira Toriyama na muziki wa Koichi Sugiyama.

Kazi nzima ilipaswa kuenea katika kilobaiti 64. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba herufi za katakana zilizotumika hazikuzidi takriban 20, na majina ya mazimwi, silaha na miji yakabidi yatungwe kwa herufi hizo tu. Anayejua kazi ya kutunga shairi la mizani nane kwa nane ataielewa hali hii bila maelezo zaidi. Ufinyu haukumnyamazisha mtunzi. Ulimlazimisha apime kila neno. Kaseti haikuweza kuhifadhi maendeleo ya mchezaji, kwa hiyo mfalme wa hadithi alimpa maneno ya siri ya silabi 20, naye akayanakili kwa kalamu kwenye karatasi. Aliyekosea silabi moja aliipoteza safari yake.

Shujaa wa Dragon Quest hasemi. Jina lake hutolewa na mchezaji. Amwokoapo binti mfalme, binti humwuliza kama atamchukua aende naye. Mchezaji akijibu hapana, binti hulalamika na kuuliza tena, na tena, hata jibu liwe ndiyo. Mwishoni, zimwi kuu humwahidi shujaa nusu ya ulimwengu ikiwa atajiunga nalo. Hapa hapana marudio: akikubali, hadithi inakatika na anabaki gizani. Kwa hiyo tuna maswali mawili, moja la uongo na moja la kweli, na yote mawili yanafundisha jambo lile lile kuhusu nafasi ya hadhira. Msomaji wa Kiswahili hahitaji nadharia ngeni ili kulifahamu. Fanani wa ngano akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" Asipojibiwa haendelei, akijibiwa, jibu halibadilishi hata tukio moja. Hadhira inaombwa idhini, haiombwi njama. Kitufe cha Famicom ni "Pakawa" iliyotiwa katika plastiki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ushindani. Phantasy Star ya kampuni ya Sega na Final Fantasy ya kampuni ya Square, iliyoongozwa na Hironobu Sakaguchi, zote zilitoka mwaka 1987. Ya kwanza ilimweka msichana, Alis, katikati ya hadithi ya kisasi; ya pili ndiyo iliyokuja kujulikana zaidi ulimwenguni, ingawa hatuoni kwamba toleo lake la kwanza lina mengi ya kumpa mhakiki. Dragon Quest III ya mwaka 1988 ilileta betri ya kuhifadhi maendeleo, na zama za maneno ya siri zikaanza kufifia. Tunayapita haya kwa haraka ili tufikie kazi ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo kilele cha utanzu.

Dragon Quest V ilitoka tarehe 27 Septemba 1992. Inaanza na kuzaliwa kwa shujaa na kumfuata hadi awe baba wa watoto wawili. Utotoni anasafiri na baba yake, Papas, mtu hodari asiyeshindwa. Mtoto akijeruhiwa, baba humponya bila kuombwa. Mchezaji huzoea kivuli hicho. Kisha adui anamshika mtoto na kuweka silaha shingoni mwake, na Papas analazimika kusimama apigwe mpaka afe. Tukio hili halikuwekwa katika masimulizi ya kawaida. Limewekwa ndani ya pambano, katika skrini ile ile ambamo mchezaji amezoea kutoa amri, na hapana amri ya kutoa. Zamu zinapita. Baba hafanyi kitu. Mwandishi wa riwaya angetuambia kwamba mtoto hakuweza kufanya lolote. Hapa hatuambiwi, tunakuwa sisi ndio hatuwezi.

Baada ya hapo shujaa anakuwa mtumwa kwa miaka kumi. Anatoroka, anaoa (na hapa uchaguzi ni wa kweli, kati ya Bianca, rafiki wa utotoni, na Flora, binti wa tajiri), kisha anageuzwa jiwe. Kwa miaka minane ni sanamu katika bustani ya familia moja iliyomnunua kama pambo la kuleta bahati. Misimu inabadilika mbele yake, mtoto wa nyumba hiyo anazaliwa, anakua, anatekwa na mazimwi, na baba wa mtoto anaigeuzia sanamu hasira yake. Mchezaji anatazama tu. Watoto wake mwenyewe, ambao amekosa kuwalea, ndio wanaokuja kumfungua. Na upanga wa shujaa aliyetabiriwa, ambaye amemtafuta kwa wasia wa baba yake, unamkataa yeye na kumkubali mwanawe. Muundo wa utendi wa kishujaa tunaoujua sote, wa nguli aliyebainika kwa nguvu zake tangu ujana, umepinduliwa: nguli tuliyekuwa tukimchezea alikuwa kiungo tu kati ya baba na mwana.

Hata hivyo kuna tukio moja tunalolipenda kuliko yote. Mapema katika hadithi, mtoto hukutana kijijini na msafiri mgeni anayeomba kukitazama kito chake. Mchezaji hulisahau jambo hilo. Saa nyingi baadaye, shujaa akiwa mtu mzima, anarudishwa nyuma katika wakati, na anajikuta katika kijiji kile, mbele ya mtoto yule. Msafiri alikuwa yeye. Anabadilisha kito kwa kile cha bandia na kumtia mtoto moyo kwa ajili ya taabu zitakazokuja. Papas yupo hapo karibu, yu hai. Shujaa anaweza kuzungumza naye; hawezi kumwokoa. Wachezaji wengi hukawia katika kijiji hicho bila sababu yoyote ya kimchezo. Hakuna hazina ya kupata wala zimwi la kushinda. Wanazunguka, wanarudi kuzungumza na baba, kisha wanaondoka kwa kuwa hapana la kufanya. Kukawia huko hakukuandikwa na Horii. Kumeachiwa nafasi naye, na hii ndiyo maana ya kudai kwamba matini ya mchezo ni pana kuliko maneno yake.

Chrono Trigger ya mwaka 1995, iliyowakutanisha Sakaguchi, Horii na Toriyama, inaikabili hoja yetu kwa upande wa pili. Mwanzoni mchezaji huzurura katika maonyesho: anaweza kula chakula cha mtu kilichoachwa mezani, anaweza kumsaidia mtoto kumpata paka wake, na akigongana na msichana anaweza kuokota kidani kabla ya kumjulia hali. Ni mambo ambayo wachezaji wa michezo hii hufanya bila kufikiri, kwani wamezoeshwa kwamba kila kitu kilichoachwa ni chao. Baadaye shujaa anashtakiwa mahakamani, na matendo hayo yanaletwa kuwa ushahidi. Mchezaji anahukumiwa kwa mazoea ya utanzu wenyewe. Yeyote atakayesema kwamba kazi hizi hazijitambui kama sanaa na ayatazame maonyesho hayo. Aidha, hukumu iweje, shujaa huishia gerezani.

Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilikwenda mbali zaidi. Cloud, mhusika mkuu, anawasimulia wenzake kisa cha miaka mitano iliyopita, na mchezaji anamwongoza ndani ya kumbukumbu hiyo: anatembea, anaingia nyumbani kwa watu. Baadaye tunagundua kwamba nafasi aliyojipa Cloud ilikuwa ya mtu mwingine. Msimulizi asiyeaminika ni mbinu kongwe ya riwaya. Lakini msomaji wa riwaya anaweza kusema kwamba alidanganywa. Mchezaji wa Final Fantasy VII ameutenda uongo kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa pana tatizo la kihistoria ambalo linatuhusu sisi tusiosoma Kijapani. Kazi hizi zilitufikia kwa Kiingereza, na si zote. Final Fantasy VI iliuzwa Marekani mwaka 1994 kwa jina la Final Fantasy III, kwa sababu matoleo mengine yalikuwa yamerukwa. Ted Woolsey aliyeitafsiri alipewa takriban siku 30. Kwa masharti ya Nintendo ya Marekani, uganga ulioitwa "Mtakatifu" uligeuzwa kuwa "Lulu", na vilabu vya pombe vikawa mikahawa. Dragon Quest V haikuwa na tafsiri rasmi ya Kiingereza hadi mwaka 2009, miaka 17 baada ya kutolewa. Mother 3 ya mwaka 2006, iliyoandikwa na Shigesato Itoi, haijapata tafsiri rasmi. Waliotaka kuisoma walitegemea tafsiri ya wapenzi iliyokamilika mwaka 2008. Ndiyo maana historia nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza huanzia mwaka 1997, kana kwamba utanzu ulizaliwa siku uliposafirishwa nje kwa wingi. Sisi hatuna haki ya kulirudia kosa hilo. Mwaka 1968, hapa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi simulizi ipewe nafasi ya katikati. Nayo pia ilikuwa ikiulizwa kama ni matini.

Imebaki kazi moja ambayo haiingii vizuri katika hoja yetu, na pengine ndiyo sababu tunaipenda. Katika Mother 2 ya mwaka 1994, iitwayo EarthBound kwa Kiingereza, Itoi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika matangazo ya biashara, aliwapeleka watoto wanne kupambana na uovu usio na umbo. Baba wa mmoja wao husikika kwenye simu tu, hatumwoni kamwe. Mwishoni silaha hazifai kitu. Msichana, Paula, anaomba, na watu waliokutana nao safarini wanayasikia maombi yake, mmoja baada ya mwingine, nao wanawaombea. Haitoshi. Anaomba tena, na anayeitikia sasa ni mtu ambaye hayumo katika hadithi: jina linalojitokeza ni lile la mchezaji mwenyewe, ambalo mchezo ulimwuliza njiani bila kueleza sababu. Hadhira iliyokuwa ikijibu "Pakawa" kwa saa thelathini imeitwa kwa jina, na safari hii bila jibu lake hapana mwisho.

Kwa msomaji atakayetaka kuanza, tunapendekeza Dragon Quest V kabla ya zote, katika toleo la mashine ya Nintendo DS la mwaka 2008, lililotolewa kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Tafsiri hiyo inabadilisha majina mengi, Papas akiwa Pankraz, na toleo lenyewe linaongeza mchumba wa tatu ambaye kwa maoni yetu hakuhitajika. Chrono Trigger isomwe katika toleo la mwaka 2008, ambalo lilitafsiriwa upya. Atakayeweza kulinganisha tafsiri ya Woolsey ya Final Fantasy VI na ile ya mwaka 2007 atapata mada ya tasnifu nzima. Tumemwandikia mwanafunzi yule kumwambia hivyo.